Sahani Sitini Kabla Mvua Haijakata

Jumatatu, Machi 2

Leo ni mwaka mmoja, mwezi mmoja na siku tisa tangu nitoke nyumbani. Niliaga nikasema nitarudi baada ya mwaka. Mwaka umekwisha, na mimi bado niko jikoni kwa watu.

Naandika nyuma ya daftari la mapishi. Mbele ni la kazi. Bosi Mama, mwenye mkahawa huu, anataka kitabu cha vyakula sitini, kila chakula na picha yake, na jina lake yeye kwenye jalada. Vyakula ni vyangu. Mpigapicha ni wa kukodi. Vipimo anaandika karani wa ofisini. Mimi napika, napima, napika tena. Huku nyuma ya daftari hafungui mtu, kwa hiyo huku ni kwangu. Shule niliishia darasa la sita, lakini mwandiko wangu unasomeka kuliko wa daktari.

Kitabu chenyewe kilikuwa kazi ya miezi mitatu. Tulikianza mwaka jana, wiki chache tu baada ya mimi kufika, na mpaka leo tuko sahani ya arobaini na mbili. Likizo yangu ilikuwa Januari. Bosi Mama akasema, "Mpishi, tumalizie kitabu kwanza." Ikawa Februari. "Tumalizie kitabu." Sasa mvua kubwa zimeanza, huku na nyumbani pia.

Jana mke wangu, Mama Mapacha, alinipigia. Hakunisalimia. Alisema, "Mvua hizi zikikata hujafika, nachukua watoto nakwenda kwa kaka yangu. Sikai tena kwenye nyumba ya mume wa kwenye simu." Nikacheka. Yeye hakucheka. Nimemuoa miaka sita, sijawahi kumsikia akitishia jambo halafu asilifanye. Alisema atamkatia kuku wa jirani kamba, akamkatia. Alisema hatakwenda harusi ya mdogo wangu, hakwenda.

Kwa hiyo zimebaki sahani kumi na nane, na zipigwe picha zote kabla mvua haijakata.

Jumatano, Machi 4

Mvua tangu alfajiri. Mpigapicha kaja, kachungulia dirishani, kaondoka.

Alhamisi, Machi 5

Hivyo hivyo.

Jumamosi, Machi 7

Leo jua limetoka kidogo, na mpigapicha naye.

Jikoni tunamwita Subiri, maana ndilo neno lake. Ni mtu mwembamba mwenye kizibao cha mifuko kumi na mmoja. Hataki taa ya umeme. Anasema taa inaua chakula. Anataka mwanga wa dirisha la karibu na stoo, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tano, basi. Dirisha hilo liko juu ya meza yangu ya kukatia nyama. Na saa tatu hadi saa tano ndizo saa ninazoandaa chakula cha mchana cha watu arobaini. Mwaka mzima nakatia nyama juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Leo ilikuwa supu ya maharage. Ameitazama kama daktari anavyotazama mgonjwa asiye na nafuu.

"Fundi, maharage yamezama."

"Ni supu. Yanazama."

"Kwenye picha yasizame."

Akatoa mfukoni gololi za watoto, kumi na tano nilihesabu, akazitia kwenye bakuli. Akamimina supu juu yake, kisha akapanga maharage moja moja kwa kibano, kama fundi saa. Halafu akayapaka mafuta kwa brashi ya kuchorea. Shangazi, mama mtu mzima anayeosha vyombo vyetu, aliacha sinki akaja kusimama nyuma yake, mikono inamchuruzika povu.

"Mwanangu, mtu akiagiza hii si atang'oka meno?"

"Subiri, Shangazi."

"Nilisubiri ndoa miaka kumi na mitatu, gololi zako hazitanishinda."

Ilipopatikana picha, supu ilikuwa imeganda utando juu. Sufuria nzima niliyoiamkia imebaki, lakini bakuli lile lilikwenda kwa paka, na paka naye alinusa akaondoka. Sahani ya arobaini na tatu.

Jumapili, Machi 8

Nilimtumia Mama Mapacha picha ya supu. Nilidhani nafanya jambo jema.

"Watoto wanalamba simu," alisema. "Wamelamba kioo mpaka simu imejipigia yenyewe kwa fundi bomba."

"Umeona sasa kazi ninayofanya?"

"Nimeona unavyokula."

"Sili! Hiyo ina gololi ndani."

"Ina nini?"

Jaribu kumweleza mtu habari ya gololi kwenye supu, kwa simu, huku mvua inapiga bati. Nilieleza mpaka nikajisikia mjinga. Akasema, "Baba Mapacha, ukiamua kunidanganya, nidanganye kwa kitu kinachoingia akilini."

Kabla hajakata alisema nimtumie picha ya uso wangu, maana watoto wanadhani baba yao ni sahani. Nikatafuta. Mwaka mzima naishi na mpigapicha, sina hata picha moja yenye uso wangu.

Alhamisi, Machi 12

Mvua, kwa hiyo siku ya vipimo. Karani ni binti makini, anatembea na kalamu tatu. Vumbi la unga linambana kifua, basi husimama mlangoni mwa stoo na leso puani, anasoma mshale wa mizani kutoka pale na kuandika.

"Siagi kiasi gani, kaka mpishi?"

"Ya kutosha."

"Ya kutosha haina gramu."

Nikaiweka kwenye mizani, akasoma, akaandika. Mimi nilikuwa nimeshageukia jiko, kitunguu kinaungua. Mwaka mzima tumepima hivi, mimi mgongo, yeye leso.

Ananiudhi, lakini ananiudhi kwa adabu.

Jumatatu, Machi 16

Mvua. Keki ya ndimu imekaa siku mbili ikingoja mwanga. Leo imeota ndevu za ukungu.

Jumanne, Machi 17

Keki nyingine.

Jumatano, Machi 18

Ndevu.

Jumamosi, Machi 21

Kuku. Nilidhani nimeona yote.

Subiri anasema kuku aliyeiva ngozi inasinyaa, inaonekana kizee. Kwa hiyo kuku wa picha hapikwi. Anaonyeshwa moto dakika chache, kisha anapakwa sukari iliyounguzwa na sabuni ya vyombo ili ang'ae. Nilisimama na brashi nikimpaka kuku mbichi sabuni. Mimi, niliyepikia watu miaka kumi na minne.

Bosi Mama akaja kukagua, ameshika pochi kifuani. Akainamia sahani.

"Mbona huyu kuku anaonekana amechoka?"

"Mama, amekufa," nikasema.

Shangazi alicheka mpaka akaangusha kikaango. Bosi Mama hakucheka. Akaagiza kuku mwingine, "mwenye afya." Tukampaka sabuni wa pili na wa tatu. Picha iliyochukuliwa mwishoni ni ya yule wa kwanza.

Jumanne, Machi 24

Mteja amerudisha sahani. Kaona picha ya kuku ukutani, anataka kama yule. Nikatoka mwenyewe kumwambia, "Yule ukimla hulali." Bosi Mama amenipa onyo.

Jumapili, Machi 29

Nimempigia Mama Mapacha mara nne. Simu imeita mpaka ikachoka.

Ijumaa, Aprili 3

Sahani ya hamsini na moja. Jua siku mbili mfululizo, tumepiga picha kama watu waliofukuzwa.

Nilikuwa na furaha mpaka ukaingia ujumbe wa Mama Mapacha, maneno matatu tu: "Huku mvua imepungua."

Sasa nimekuwa kichaa wa aina yangu. Naomba jua huku, kitabu kiishe. Naomba mvua kule, mke asiondoke. Asubuhi nachungulia dirishani, kisha nasikiliza utabiri wa hali ya hewa wa kule kama mtu mwenye shamba. Wakisema wingu, naitika amina peke yangu.

Jumatatu, Aprili 6

Mvua huku. Kule jua. Kinyume kabisa.

Alhamisi, Aprili 9

Leo nimegombana na Subiri, na kisha sijui nisemeje.

Ilikuwa mkate wa asali. Aliuweka dirishani saa tatu. Wingu. Akasubiri. Saa nne, wingu. Chakula cha mchana kinanikimbiza, nyama iko kwenye ndoo, yeye amekaa juu ya kiti anautazama mkate kama anauposa. Saa nne na nusu nikapasuka. Nilimwambia ananikalia kooni, mke wangu yuko mbioni kuhama kwa ajili ya madirisha yake, na kama mkate ni mkate, apige aondoke.

Akasema, "Njoo uangalie."

Nikainama kwenye kamera. Wingu lilikuwa limefunguka upande. Nikauona mkate nilioukata mwenyewe, kila tundu lina ukuta wake mwembamba, na asali imetua pembeni inawaka kama taa ndogo. Nimekata mikate maelfu. Sikujua ndani uko hivyo.

"Mkate umeufanya wewe, fundi," akasema. "Mimi nangoja tu mwanga uuonyeshe. Ukiharakishwa hauonyeshi kitu."

Nikarudi kwenye nyama yangu. Bado namchukia kwa ajili ya meza. Lakini baadaye nilimkuta nyuma ya stoo anakula kipande cha mkate ule mkavu bila chai, na nikampa chai.

Ijumaa, Aprili 10

Nimemwomba Subiri picha ya uso. Kanigeuza hapa, kanigeuza pale, kaniambia nisimeze mate. Nimeituma nyumbani.

Jibu la Mama Mapacha: "Umezeeka."

Baada ya saa nzima likaja jingine: "Mmoja wao amekuita baba. Mwingine amelia." Nimesoma hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri.

Jumamosi, Aprili 18

Sahani ya sitini! Maembe yaliyokatwa, basi, tunda tupu. Yamekwenda kwa dakika kumi. Subiri alifunga mifuko yake yote kumi na mmoja na kunipa mkono.

Nimekaa juu ya ndoo nikautazama mwaka. Picha ya kwanza ilikuwa yai. Yai moja la kuchemsha, tulilipiga kwa siku tatu, yakatumika mayai thelathini na sita mpaka likapatikana la kukatika sawa. Siku hizo bado nilikuwa nasema "baada ya mwaka" nyumbani na wananiamini. Kisha ikaja miezi ya supu, miezi ya mikate, wiki ile friji ilipokufa na tukapiga picha ya samaki tumeziba pua. Picha zaidi ya mia tatu kwa jumla. Mikono yangu imo katika kumi na moja. Nimeizoea mikono ile kama ya mtu mwingine, imara, haina mchoko. Mchoko wote umebaki huku juu ya mabega ambako kamera haikufika.

Bosi Mama amesema kwa mdomo wake, mbele ya watu: "Mpishi, Jumamosi ya Mei mbili nenda kwenu." Nimekata tikiti saa hiyo hiyo, asije akapata wazo.

Jumapili, Aprili 19

Nimempa Mama Mapacha tarehe. "Nitaamini nikikuona," alisema, lakini aliuliza basi linafika saa ngapi. Mtu asiyejali haulizi saa.

Kule bado kunanyesha jioni jioni.

Jumatano, Aprili 22

Viatu vya mapacha. Muuzaji ananiuliza saizi. Nikamwambia wana mwaka na nusu. Akaniambia umri si saizi. Niliwaacha wana miezi mitatu, miguu yao ilikuwa inaingia kwenye kiganja. Nimenunua vikubwa.

Jumatano, Aprili 29

Laiti nisingejua kusoma.

Asubuhi karani alinijia na kurasa za majaribio kutoka kiwandani, zile za mwisho kabla kitabu hakijachapwa. Ijumaa zinarudi. Alitaka nihakiki majina ya vyakula. Alikuwa anang'aa. Alinifungulia ukurasa wa nyuma kabisa, herufi ndogo kama chawa: "Vipimo vimeandikwa na," kisha jina lake. "Kaka mpishi, mara ya kwanza jina langu kuchapwa. Nitampelekea mama." Nikampongeza. Nikaanza kusoma.

Mkate wa asali. Unga gramu 580. Nikarudia. Siagi gramu 180.

Mkate wangu una unga gramu mia tano na siagi gramu mia moja. Keki ya ndimu, sukari imezidi themanini. Biskuti, siagi imezidi themanini.

Niieleze vizuri, maana hata mimi nimejieleza mara tatu. Mizani yetu ya stoo iliwahi kuangushwa, kabla sijafika mimi. Tangu hapo mshale haurudi sufuri. Bila kitu chochote juu yake unakaa kwenye themanini. Siku yangu ya kwanza Shangazi aliniambia, "Hiyo ina themanini zake, zitoe." Nikazitoa siku hiyo, na ya pili, na kila siku, mpaka nikasahau kwamba nazitoa. Jikoni wote tunazitoa bila kuwaza, kama unavyoinama kwenye mlango mfupi wa nyumba uliyoizoea. Hakuna aliyemwambia karani. Nani amwambie? Alisimama mlangoni na leso yake, akasoma mshale, akaandika alichokiona. Na mimi nilikuwa nimempa mgongo.

Basi toa themanini kila mahali, kazi imekwisha? Laiti. Siku nilizozidiwa, Shangazi ndiye aliyepima, akawa anamtajia karani namba kwa sauti, na yeye alikuwa ameshazitoa. Siku nyingine tulirundika unga, juu yake sukari, juu yake siagi, karani akapiga hesabu ya kutoa katikati, kwa hiyo ziada imo kwenye cha kwanza tu. Daftari halisemi siku ipi ilikuwa ipi. Vyakula vilivyopimwa kwa mizani ni ishirini na vitatu. Vyote vipikwe na kupimwa upya. Hiyo ni kazi ya wiki mbili.

Tikiti yangu ni ya Jumamosi, siku tatu tu kutoka leo.

Nimekaa kimya. Naandika ukweli kwa sababu huku hasomi mtu: nimemrudishia karani kurasa nikasema, "Majina yako sawa." Nikapika chakula cha mchana. Nikajiambia nani atapika kwa kitabu hiki, kitawekwa mezani sebuleni kwa watu, kitafutwa vumbi. Nikajiambia jina kwenye jalada si langu. Na kwenye vipimo si jina langu pia. Ni la nani, sasa?

Alhamisi, Aprili 30

Nimeoka keki ya ndimu kwa kufuata ukurasa, gramu kwa gramu. Nilikuwa nabembeleza bahati. Imetoka imezama katikati kama kiti cha zamani, mafuta yanachuruzika kwenye trei. Shangazi alionja.

"Hii ni ya kuzibia ufa ukutani. Nani kaipika?"

"Kitabu."

Akaitazama keki, akaitazama mizani, akashika mdomo kwa mkono wenye povu. Alielewa kabla sijafungua mdomo.

Nikamwita karani. Hakulia. Alikuja hadi ndani ya stoo, bila leso, akainama akaona mshale umekaa kwenye themanini na sinia ni tupu. Akakohoa, akauliza, "Nyote mlikuwa mnajua?"

"Wote," nikasema.

"Na jana ulisema majina yako sawa."

Akaibeba mizani kifuani kama mtoto mgonjwa, akapanda nayo ofisini. Nikamfuata.

Bosi Mama alisikiliza amefumba macho. Kisha akasema aliyeandika ndiye atakayemwaga unga, kazi hana tena, na akamnyooshea karani kidole.

"Mama," nikasema, "mizani ni ya jikoni na jiko ni langu. Yeye aliandika alichokiona. Mimi nilijua na sikusema. Kama ni kumwaga unga, nimwage mimi."

"Wewe humwagi unga, Mpishi. Wewe utaupima. Upya. Wote." Akafungua macho. "Na tikiti yako irudishe."

Ijumaa, Mei 1

Nilimpigia Mama Mapacha saa nne asubuhi. Aliwahi yeye kuongea.

"Kesho husafiri."

"Kuna mizani hapa..."

"Safari ile ilikuwa gololi."

"Nisikilize. Kuna binti hapa angefukuzwa kazi kwa kosa langu..."

"Binti gani?"

Hapo nilijua nimejitia kitanzi mwenyewe. Nilieleza kila kitu, mshale, leso, themanini, mpaka mwisho. Alinisikiliza. Hakunikatiza hata mara moja, na hilo ndilo lililonitisha.

"Nimekuelewa," alisema. "Ungekaa kimya ungekuwa mtu mbaya. Sawa. Lakini huku mvua ilikata Jumatatu. Nilisema moyoni mwangu, nimwongezee mpaka Jumapili. Sikukuambia, nilitaka uje bila kujua."

Akakata. Niliwahi kuungua mkono wote kwa mafuta, sikuumia hivi.

Jumanne, Mei 5

Amepiga shemeji, kaka yake Mama Mapacha. Ni mtu wa maneno machache, fundi wa vitanda.

"Shemeji, wageni wako wako huku kwangu tangu juzi. Nyumba yako nimeifunga mwenyewe. Makufuli mawili."

"Amesemaje?"

"Hajasema. Ila nguo ameshazipanga kabatini."

Angeziacha kwenye begi ningepata usingizi.

Jumatano, Mei 6

Bosi Mama amenunua mizani mpya. Mshale wake uko sufuri. Nimeshatoa themanini mara mbili bila kujua, tumeharibu mikate miwili. Kichwa changu ndicho kilichopinda sasa.

Alhamisi, Mei 7

Subiri amekuja na mizani yake ya betri, hakuitwa, halipwi. Amesema yuko sokoni akasikia kwa Shangazi. Anapima, karani anaandika, mimi nakanda. Kwa siku nzima hakusema subiri. Saa tano nilimwambia mwanga umeondoka. Akasema, "Acha uende."

Ijumaa, Mei 8

Vyakula tisa.

Jumamosi, Mei 9

Kumi na viwili. Karani amevaa barakoa mbili, anasimama mezani kwangu, haamini mtu. Kila kipimo anasoma yeye, nasoma mimi, anasoma Shangazi. Shangazi anasema ni kama tunahesabu kura.

Jumapili, Mei 10

Simu yake haipokewi.

Jumatatu, Mei 11

Kumi na saba.

Jumatano, Mei 13

Ishirini na vitatu. Karani amefunga daftari akaniangalia. "Siku yako ile ya kukaa kimya sijaisahau, kaka mpishi," alisema. "Lakini na asubuhi iliyofuata sijaisahau." Akaninunulia soda.

Alhamisi, Mei 14

Nimepanda ofisini kuaga. Bosi Mama alikuwa na orodha ya wageni mbele yake.

"Mpishi, umefika wakati mzuri. Uzinduzi wa kitabu ni tarehe ishirini na tatu. Watu wakubwa watakuja. Wanataka kuona chakula kinapikwa mbele yao. Ukimaliza hapo nenda, hata mwezi mzima, sitakuuliza."

"Mama, naenda Jumamosi hii."

"Siku tisa tu, Mpishi. Umekaa mwaka, siku tisa ni nini?"

Mwaka mzima alikuwa ananiambia hivyo. Siku tisa tu, sahani tatu tu, tumalizie kwanza. Na mwaka mzima nilikuwa naitikia, kisha nashuka jikoni kumlaumu mpigapicha, karani, mawingu, na mke wangu kwa kukosa subira. Wale wote walifanya kazi yao. Mimi ndiye niliyekuwa nasema ndiyo.

"Hapana, Mama," nikasema.

Alidhani hajasikia. "Nikikwambia huendi?"

"Utakuwa umeniambia, na mimi nitakuwa kwenye basi."

"Ukitoka kabla ya uzinduzi, sikuhakikishii kwamba jiko hili litakungoja."

"Sawa, Mama."

"Sawa nini?"

"Sawa, lisiningoje."

Nikavua aproni, nikaikunja mara nne, nikaiweka juu ya orodha yake ya wageni. Nikashuka ngazi. Chini, Shangazi alikuwa amesikia kila neno kupitia bomba la moshi.

"Leo umeongea kama mtu mwenye uti wa mgongo," alisema. Kisha akanisukumia sufuria. "Sasa kaa ule, hujala tangu asubuhi."

Nikakaa kwenye meza yangu, chini ya dirisha, nikala wali na maharage. Yalikuwa yamezama. Matamu.

Ijumaa, Mei 15

Begi limefungwa. Karani ameniandikia barua ya sifa ya kazi, ameipiga muhuri wa mkahawa bila kumuuliza mtu. Kama nitapata jiko jingine, au nitarudi kwenye hili, sijui. Nitajua nikishafika.

Mama Mapacha hapokei simu yangu, kwa hiyo nimempigia shemeji.

"Nakuja," nikamwambia.

"Nikakufungulie nyumba?"

"Usifungue. Nakuja moja kwa moja kwako."

"Kama mgeni?"

"Kama mgeni, shemeji."

"Chumba cha wageni wamelala wao."

"Nitalala sebuleni. Nitalala hata kwenye karakana, juu ya vitanda vyako visivyo na miguu."

Nikajua amefunika simu kwa mkono, maana nilisikia minong'ono, mtoto mmoja analia, kisha wa pili anamsaidia kulia. Halafu, kwa mbali, ile sauti ambayo sijaisikia kwa wiki mbili ikasema, bila kukaribia simu:

"Mwambie hapa chakula cha mchana ni saa saba. Hatumngoji mtu."

"Umesikia?" akauliza shemeji.

"Nimesikia."

Basi linaondoka kesho saa kumi na moja alfajiri. Nitafika Jumapili, Mei 17, kabla ya saa saba.